Dawa ya Homa na Umeme wa Moyo

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Miongoni mwa mamia ya mimea waliyoikusanya kutoka pande nyingi za dunia ulikuwamo mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao gome lake chungu lilikwisha kutumika kutibu homa kwa zaidi ya karne mbili. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, gome hilo likawa uhai wenyewe. Amani ilitengeneza kwinini yake, na huko porini majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck yalikunywa maji ya magome yaliyochemshwa, machungu kiasi kwamba Wajerumani waliyabatiza jina la jemadari wao. Waliokunywa walitaka homa ishuke, basi. Dawa ya homa ilikuwa ya homa, na moyo ulikuwa na dawa zake. Leo, kabla kidonge kipya cha mafua, cha tumbo, cha kifua kikuu au cha malaria hakijaruhusiwa kuuzwa, mojawapo ya maswali ya kwanza ambayo mtengenezaji hulazimika kuyajibu ni hili: kinaufanya nini moyo ambao hakikukusudiwa kuugusa? Safari ya swali hilo ilianzia kwenye gome hilohilo la mkwinini.

Kwa kawaida historia hii husimuliwa kama ushindi wa maabara. Wanasayansi waligundua kilango kidogo kwenye seli za moyo, wakabuni kipimo, na tangu hapo dawa hatari zikawa zinanaswa mapema. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanapindua mfuatano wa mambo. Karibu kila hatua mgonjwa alitangulia na maabara ikamfuata, mara nyingine kwa miaka mingi. Tena sababu yake haikuwa uvivu wa watafiti. Ilikuwa katika asili ya hatari yenyewe, kwa maana dawa hizi ni nadra kuua zikiwa peke yake. Huua zinapokutana na kitu kingine: dawa ya pili, potasiamu iliyopungua mwilini, chakula cha mafuta, au kasoro ambayo mtu amezaliwa nayo bila kujua. Makutano hayo hutokea nyumbani, wodini na kwenye duka la dawa. Hoja yangu basi ni kwamba kuipima dawa kwa ajili ya moyo ni kazi ambayo nusu yake haiwezi kumalizika kabla ya kibali kutolewa, na kwamba nusu hiyo ya pili ni wajibu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, si fadhila tunayoisubiri kutoka kwingine.

Tuanze na mfanyabiashara mmoja Mholanzi aliyemwendea daktari Karel Wenckebach mwaka 1912. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda ovyo, na Wenckebach, bingwa wa mapigo katika zama zake, alimweleza kwamba hana dawa ya kuyatuliza. Mgonjwa akajibu kuwa yeye anaweza kuyatuliza mwenyewe, na kesho yake akarudi na mapigo yaliyonyooka. Alikuwa amemeza gramu 1 ya kwinini, dawa aliyoizoea kwa sababu biashara yake ilimfikisha kwenye nchi za malaria. Daktari wa mfalme wa Ufaransa, Jean-Baptiste de Sénac, alikuwa amegusia jambo la namna hiyo mwaka 1749, lakini halikushika mizizi. Safari hii lilishika. Mwaka 1918 Walter Frey alilinganisha dawa mbalimbali zitokanazo na gome la mkwinini, akaona kwamba kwinidini, ndugu wa karibu sana wa kwinini, ndiyo yenye nguvu zaidi juu ya moyo. Dawa ya malaria ikawa dawa ya moyo, na kwa miongo kadhaa kwinidini ikatolewa duniani kote.

Mapema kabisa likaonekana jambo la kutisha. Baadhi ya waliotumia kwinidini walizirai ghafla, wengine wakafa. Tayari mwaka 1922 madaktari wawili walikuwa wamechapisha taarifa ya mgonjwa ambaye sehemu ya chini ya moyo wake ilitetemeka bila kusukuma damu alipokuwa akitumia dawa hiyo. Hata hivyo kwa miaka 40 vifo vingi vilielezwa kwa njia nyingine: damu imeganda na kwenda kuziba mshipa, au ugonjwa wenyewe umemshinda mtu. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, maana aliyepewa kwinidini alikuwa mgonjwa wa moyo tangu mwanzo, na mgonjwa wa moyo akifa hakuna anayeshangaa. Ni mwaka 1964 tu ndipo Arthur Selzer na Wesley Wray walipoonyesha wazi, kwa wagonjwa ambao umeme wa mioyo yao ulinaswa wakati wa tukio lenyewe, kwamba kuzirai kule kulitokana na mapigo yaliyovurugwa na dawa. Dawa ya kunyoosha mapigo ndiyo iliyokuwa ikiyavuruga. Nasisitiza miaka hiyo 40 kwa sababu somo lake litajirudia: ushahidi ulikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuunasa wakati na mahali ulipotokea.

Chombo cha kuunasa kilikuwapo pia. Willem Einthoven wa Leiden alikuwa ameanza kuchora umeme wa moyo mwishoni mwa karne ya 19, akavipa vilima na mabonde ya mchoro ule herufi P, Q, R, S na T, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Kutoka Q hadi mwisho wa T ndipo panapoonyesha muda ambao vyumba vikubwa vya moyo huchukua kupokea umeme, kukaza, kisha kujirudisha katika hali ya kupokea umeme mwingine. Kwa mtu mzima aliyetulia muda huo, uitwao QT, ni kama milisekunde 400, chini kidogo ya nusu sekunde. Ukirefuka, maana yake moyo unachelewa kujitengeneza, na pigo jingine likiingia kabla haujawa tayari, mvurugiko unaweza kuanza. Mwaka 1966 François Dessertenne wa Paris aliuchora mvurugiko huo kutoka kwa bibi wa miaka 80. Mistari ya mchoro ilikuwa ikijizungusha juu na chini kama uzi unaosokotwa, naye akaupa jina la Kifaransa lenye maana ya kusokota kwa ncha. Wakati mwingine msokoto hufunguka wenyewe na mtu akaamka akidhani amepatwa na kizunguzungu tu. Wakati mwingine haufunguki.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kila kitu muhimu kilikuwa kimeonekana: dawa inayorefusha muda wa QT, mchoro wa msokoto, na kifo cha ghafla. Isitoshe, madaktari wa Norway Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen walikuwa wameeleza mwaka 1957 habari za familia ambayo watoto wake kadhaa walizaliwa viziwi, wenye QT ndefu, na baadhi yao wakafa ghafla wakiwa wadogo. Mtu angetarajia basi kwamba kuanzia hapo kila dawa mpya ingepimwa QT. Haikuwa hivyo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba tatizo ni la dawa za moyo. Zile za mzio, za tumbo na za vijidudu hazikutazamwa kwa jicho hilo.

Terfenadini ndiyo iliyoivunja dhana hiyo. Ilikuwa dawa ya mzio na mafua ya vumbi isiyoleta usingizi, iliyopata kibali Marekani mwaka 1985 na kutumiwa na mamilioni ya watu. Katika hali ya kawaida ilikuwa salama, kwa sababu ya kupendeza kabisa: ini lilikuwa likiibadilisha karibu yote mara tu ilipoingia, na kilichofika kwenye damu ni kitu kingine kisichogusa moyo. Mwaka 1990 ikachapishwa habari ya mwanamke wa miaka 39 aliyekuwa akimeza terfenadini, kisha akatumia pamoja nayo ketokonazoli, dawa ya fangasi. Ketokonazoli hufunga mikono ya kimeng'enya cha ini kinachoibadilisha terfenadini. Terfenadini ikapita bila kubadilishwa, ikajaa kwenye damu, na mwanamke yule akaanza kuzirai. Mchoro wa moyo wake ulikuwa wa msokoto. Erithromaisini nayo ilionekana kuleta madhara hayohayo. Msomaji atayatambua majina hayo mawili, maana ni dawa za kawaida katika duka lolote la dawa kutoka Mombasa hadi Kigoma. Hakuna jaribio lililoitazama terfenadini peke yake katika mtu mwenye ini zima ambalo lingeweza kuyaonyesha haya kwa urahisi. Ilibidi vidonge viwili vikutane ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1998 dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani, na nafasi yake ikachukuliwa na feksofenadini, ambayo ndiyo hasa kile kitu ambacho ini lilikuwa likikitengeneza siku zote.

Hapo ndipo maabara ilipoingia kwa nguvu, na iliingia kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa urithi walikuwa wakifuga nzi wa matunda ambao, wakivutishwa etha, walitikisa miguu kama wacheza dansi. Mwaka 1994 Jeffrey Warmke na Barry Ganetzky waliripoti jeni ya binadamu inayofanana na ile iliyoharibika ndani ya nzi hao, nayo ikaja kujulikana kama hERG. Mwaka uliofuata kundi la Mark Keating na Michael Sanguinetti huko Utah likaonyesha mambo mawili: jeni hiyo ikiwa na kasoro, familia hurithi QT ndefu, na kazi yake ni kutengeneza mlango ambao potasiamu hupitia kutoka kwenye seli ya moyo pale moyo unapojirudisha. Mwaka 1996 ikathibitishwa kwamba terfenadini huziba mlango huohuo. Ghafla familia zinazorithi QT ndefu, nzi wa matunda na mwanamke aliyezirai kwa dawa ya mafua wakawa habari moja. Mlango wa hERG una uwazi mpana kwa ndani na kuta ambazo molekuli za aina nyingi hunata, ndiyo maana dawa zisizofanana kwa lolote lingine zinaweza kukwama pale pale. Jambo jingine likaeleweka pia, na kwangu ndilo linalouma zaidi. Panya, mnyama anayetumiwa kuliko wote katika majaribio ya dawa, hategemei mlango huo kuurudisha moyo wake. Unaweza kumjaza panya dawa ya kuziba hERG na QT yake isikuambie kitu. Kwa miaka mingi sumu hii ilikuwa ikitafutwa ndani ya mnyama asiyeweza kuionyesha.

Sheria zikafuata. Desemba 1997 kamati ya dawa ya Ulaya ilitoa mwongozo wa kwanza wa kupima urefushaji wa QT kwa dawa zisizo za moyo. Wakati huohuo dawa ya tumbo iitwayo sisapridi ilikuwa ikiendelea kuuzwa. Kufikia mwisho wa mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imepokea ripoti 341 za mapigo kuvurugika kwa waliotumia sisapridi, 80 kati yao wakiwa wamekufa. Maonyo kwenye karatasi ya dawa yalikuwa yameandikwa na kukazwa tena na tena, na bado iliandikiwa watu pamoja na dawa zilizokatazwa. Mwaka 2000 ikaondolewa. Hatimaye Mei 2005 miongozo miwili ya kimataifa ilikamilika, mmoja wa maabara na wanyama, mwingine wa binadamu. Huo wa pili uliagiza jaribio maalumu kwa watu wenye afya, lenye uwezo wa kuona badiliko la takriban milisekunde 5 tu. Ili jaribio lijithibitishe lenyewe, washiriki pia hupewa dawa ambayo inajulikana kurefusha QT kidogo, mara nyingi antibiotiki ya moksifloksasini. Mchoro usipoionyesha moksifloksasini, jaribio zima halina macho.

Anayepinga hoja yangu ana mahali imara pa kusimama hapa. Tangu miongozo hiyo ianze kutumika, mkururo wa miaka ya 1990, ambapo dawa baada ya dawa ilifukuzwa sokoni kwa kusababisha msokoto, umekoma. Hayo ni mafanikio makubwa, na kuyakana ni kutowatendea haki waliofanya kazi hiyo. Lakini tuangalie yamepatikanaje. Kipimo cha hERG na jaribio la QT havipimi msokoto wenyewe. Vinapima kivuli chake. Dawa yoyote yenye kivuli ilianza kuogopwa, na nyingi zilitupwa kabla hazijamfikia mgonjwa hata mmoja. Verapamili, dawa ya zamani ya presha na mapigo, huziba hERG vizuri kabisa, lakini huziba pia njia ya kalsiamu, na matokeo yake ni kwamba haileti msokoto. Ranolazini nayo ina kitu cha kusawazisha. Amiodaroni hurefusha QT sana, ilhali msokoto kwake ni nadra. Lau verapamili ingegunduliwa mwaka 2006, pengine isingevuka mlango wa maabara. Watafiti wenyewe waliliona hilo. Julai 2013 walikutana Marekani, katika makao makuu ya mamlaka ya dawa huko Maryland, wakapendekeza njia mpya: kupima milango kadhaa ya moyo badala ya mmoja, kuingiza majibu katika mfano wa moyo ndani ya kompyuta, na kuyahakiki kwa seli za moyo wa binadamu zilizooteshwa maabara. Mwaka 2022 sehemu ya fikra hizo iliingia katika maelezo ya nyongeza ya miongozo ya 2005. Hata hivyo moyo wa kompyuta nao hauumwi malaria, hauhari, wala haujameza dawa ya jirani.

Historia ya dawa za malaria inaonyesha hilo vizuri zaidi kuliko ya mafua. Klorokwini ilipokuwa ikishindwa, kabla Kenya haijaiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, mojawapo ya dawa zilizokuja kwa matumaini ilikuwa halofantrini, iliyouzwa kwa jina la Halfan na kufika madukani Afrika, Afrika Mashariki ikiwamo. Ilipata kibali Marekani mwaka 1992. Mwaka 1993 François Nosten na wenzake, wakifanya kazi miongoni mwa wakimbizi mpakani mwa Thailand na Burma, walichapisha vipimo vya umeme wa moyo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa wa malaria waliopewa halofantrini. QT ilirefuka kadiri dozi zilivyoongezeka, na ilirefuka zaidi kwa wale waliokuwa wametangulia kupewa meflokwini ikashindwa kuwaponya. Tazama mahali jambo lilipoonekana: kliniki ya kambini, kwa wagonjwa halisi, mmoja amemeza dawa moja baada ya nyingine kwa sababu ndivyo malaria sugu inavyotibiwa. Halafu kulikuwa na suala la chakula. Halofantrini ikimezwa na chakula cha mafuta huingia kwenye damu kwa wingi mara kadhaa zaidi, hivyo iliagizwa imezwe tumbo likiwa tupu. Mama anayempa mtoto mgonjwa kidonge baada ya uji wa karanga, ili asitapike, alikuwa akifanya kile ambacho busara yote ya ulezi inamwelekeza kufanya, na alikuwa akiongeza hatari bila kujua.

Huenda ikasemwa kwamba malaria ilikuwa ikiua watoto wengi mno kiasi kwamba kuhesabu milisekunde za moyo ni anasa ya matajiri. Naielewa hoja hiyo, na kwa sehemu naikubali: dawa yenye hatari ndogo kwa ugonjwa unaoua ni bora kuliko kukosa dawa. Ila historia haikutuwekea njia hizo mbili tu. Lumefantrini, iliyo ndani ya dawa ya mseto ambayo Tanzania na Kenya zilianza kuitumia kwa wote mwaka 2006, ni jamaa wa halofantrini kwa umbo. Kwa sababu ya ujamaa huo ilipimwa kwa makini. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2002 wanaume wenye afya walipewa zote mbili kwa zamu: halofantrini ilirefusha QT ya kila mmoja, mseto haukuonyesha badiliko la kutia wasiwasi. Ndiyo maana mhudumu wa zahanati leo anaweza kusema bila hofu kwamba mseto umezwe na chakula au maziwa, ushauri uliokuwa hatari kwa ile dawa ya jamaa yake. Kuhesabu milisekunde ndiko kulikotupa dawa ambayo watoto wetu wameitumia kwa miaka yote hii.

Lakini lipo pingamizi la upande mwingine: ikiwa wanaume wale wenye afya walitosha, kwa nini nidai kwamba upimaji wa huku kwetu ni wa lazima? Kwa sababu watu wenye afya si picha ya wagonjwa. Zaidi ya theluthi mbili ya visa vya msokoto vilivyokusanywa katika mapitio ya mwaka 1993 vilikuwa vya wanawake, ambao QT yao kwa kawaida ni ndefu kidogo. Ilhali wanaojitolea katika majaribio ya awali kwa miaka mingi walikuwa hasa vijana wa kiume. Mgonjwa wa malaria anafika na homa, amehara au ametapika, potasiamu imeshuka, moyo unakimbia. Hata hesabu yenyewe hudanganya. QT hufupika moyo unapokimbia, kwa hiyo husahihishwa kwa kanuni, na iliyozoeleka zaidi ni ya Henry Bazett ya mwaka 1920. Kanuni hiyo hupita kiasi moyo unapoenda mbio, ikaonyesha QT ndefu kuliko ilivyo. Homa ikishuka siku ya pili au ya tatu na moyo ukatulia, namba hubadilika hata kama dawa haijafanya lolote. Anayetaka kujua dawa imefanya nini na homa imefanya nini hana budi kupima mahali penye homa.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la uwezo. Zahanati nyingi hazina mashine ya kupima umeme wa moyo, na mhudumu aliyepo ana foleni ya wagonjwa mlangoni. Kweli. Ila tukiitazama tiba ya kifua kikuu sugu, tunaona kwamba nchi zetu zimekwisha kulifanya jambo hili pale zilipolazimika. Bedakwilini iliruhusiwa Marekani Desemba 2012 ikiwa na onyo zito kuhusu QT. Dawa hiyo haikutupwa, na haikustahili kutupwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaua na tiba ya zamani ya sindano iliwaacha watu viziwi. Ilipofika katika hospitali za rufaa za ugonjwa huo, kama Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ilikuja na sharti la kupima umeme wa moyo kabla ya kuanza na mara kwa mara baada ya hapo. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za jaribio la kimataifa lililoupima mpango wa vidonge pekee wenye bedakwilini. Na katika mpango wa miezi 6 uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, bedakwilini humezwa pamoja na moksifloksasini. Ndiyo, ile ile inayotumika kama kipimo cha kuhakiki macho ya majaribio kwa sababu inajulikana kurefusha QT. Mgonjwa wa Afrika Mashariki anabeba mwilini, kwa nusu mwaka, makutano ambayo jaribio la watu wenye afya liliyatenganisha kwa uangalifu. Anayemwekea vigandio kifuani na kusoma mchoro wake wa wiki ya pili anaendeleza kazi ya Selzer na Nosten.

Wala kila kitu hakidai mashine. Maswali matatu ya mwuza dawa, unatumia dawa gani nyingine, umewahi kuzimia ghafla, je, kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, yangewakamata wengi wa waliokuwa hatarini enzi za terfenadini. Baada ya maswali kuna taarifa. Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa, ambao kumbukumbu zake hutunzwa Uppsala nchini Sweden, mwaka 1993, mwaka uleule wa halofantrini. Kenya ilijiunga mwaka 2010. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ipo katika nchi zote mbili. Kila mara mgonjwa anapoanguka baada ya kumeza dawa na ikaandikwa tu kwamba "amefariki kwa malaria", tunarudia miaka ile 40 ya kwinidini, pale ugonjwa ulipobebeshwa kosa la dawa.

Na mahali ambapo hesabu imefanywa, majibu yamekuwa ya kutuliza kuliko wengi walivyohofia. Piperakwini, inayotumiwa pamoja na dihidroatemisinini, hurefusha QT, na kwa sababu hiyo wengine waliogopa kuwapa watu wasio wagonjwa kama kinga. Oktoba 2016 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu kupitia suala zima la dawa za malaria na moyo. Mwaka 2018 yakachapishwa mapitio yaliyojumlisha karibu watu 200,000 waliopewa dawa hiyo katika tafiti mbalimbali za malaria. Kifo cha ghafla ambacho huenda kilitokana na dawa kilikuwa 1. Namba hiyo haikutoka kwenye seli za maabara wala kwa mbwa wa majaribio. Ilipatikana kwa sababu watafiti walirudi nyumba kwa nyumba baada ya dozi, wakauliza nani yu mzima na nani amefariki, wakaandika.